Shajara ya jiko la Rhonda: muhula wa kwanza na likizo ya Aprili, 2025

Jumamosi, 11 Januari

Tumeanza kujitolea jikoni, ingawa si kwa namna niliyopanga. Wanafunzi 14 wa kikundi chetu cha shule cha YCS (Young Christian Students, chama cha wanafunzi Wakatoliki) walifika saa mbili asubuhi, wote wa kutwa, wa Kidato cha Pili hadi cha Nne. Kidato cha Kwanza mwaka huu hakuna. Waliofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 2023 sasa wako cha Pili. Jiko liko nyuma ya kigango hapa Rhonda, mtaa wa Nakuru: mabati juu ya nguzo sita, kuta pande mbili tu, moshi unaelekea unakotaka wenyewe. Wapishi ni akina mama sita wa jumuiya ndogo ndogo. Kiongozi wao mtaa mzima unamwita Shosho, yaani nyanya, nasi tukamwita hivyo. Wanapika kila Jumamosi mchana kwa watoto wa Rhonda na wa upande wa Kaptembwa. Siku za masomo hawapiki kwa sababu watoto wengi hula shuleni.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kufungulia kazi, ile Ona, Amua, Tenda ambayo YCS wameirithi kwa Kardinali Cardijn wa Ubelgiji. Shosho alinisikiliza nikafika kwenye Ona, akaitikia "Milele na milele, amina" kana kwamba nimemsalimu, kisha akamkabidhi kila mwanafunzi bonge la udongo mbichi. Sufuria hupakwa udongo kwa nje kabla hazijatiwa motoni, masizi yashike udongo yasiishike sufuria. Jioni unamwagia maji, unapitisha kitambaa, masizi yanateremka na udongo wake. Mmoja wa Kidato cha Pili alipaka mpaka ndani. Akina mama walicheka hadi wakakaa chini.

Tulikubaliana masharti matatu: kufika saa mbili, simu kubaki mkobani, na mhudumu kutokula chakula cha watoto, kila mmoja aje na chake kutoka nyumbani. Hili la tatu lilikuwa langu. Niliona aibu kufikiria shule inakuja kusaidia halafu inakwangua sufuria. Katibu, msichana wa Kidato cha Tatu mwenye mwandiko wa kuchongwa, akapiga mistari daftarini kwa rula: safu ya Waliohudumiwa na safu ya Wahudumu.

Sahani 71.

Jumamosi, 18 Januari

Leo somo lilikuwa vipimo, na mwanafunzi nilikuwa mimi. Shosho hapimi kwa mizani. Ana gorogoro lake la bati, limebonyea upande mmoja, na halitaki jingine. Gorogoro sita za mahindi, tatu za maharagwe, basi. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Gorogoro ni kilo mbili hivi, kwa hiyo kilo 12 za mahindi na 6 za maharagwe. Mpango wa Chakula Duniani ulipokuwa ukilisha watoto wa shule hapa Kenya, kabla ya kuikabidhi serikali kazi hiyo mwaka wa 2018, kipimo cha mtoto mmoja kilikuwa gramu 150 za nafaka, 40 za kunde na 5 za mafuta. Kwa watoto 80 hizo ni kilo 12 za mahindi, sawasawa kabisa na bati lililobonyea, na kilo 3.2 tu za maharagwe. Shosho anawazidi wakubwa kwa maharagwe karibu mara mbili, naye hajawahi kuona jedwali lolote.

Maharagwe hulowekwa Ijumaa jioni. Magadi haruhusu jikoni mwake, ati yanalainisha haraka lakini yanaacha githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na ladha ya sabuni. Kuanzia wiki ijayo wanafunzi wawili watapita hapa Ijumaa baada ya masomo kuchambua na kuloweka. Kuchambua maharagwe kumewashinda wavulana wote isipokuwa mmoja, anayeyafagia kwa kiganja kwenye uteo, mawe yanabaki nyuma yenyewe. Alijifunza kwa nyanya yake, Molo.

Tulipokuwa tunaondoka Shosho aliniuliza, "Mwalimu, Aprili mtakuwa wapi?" Nikamwambia Aprili shule zimefungwa. Akasema, "Ndiyo maana nauliza." Nikamjibu tutaona.

Sahani 76.

Jumamosi, 25 Januari

Sahani 76 tena. Sufuria tupu.

Jumamosi, 1 Februari

Hesabu haikai. Kilo 18 kavu za githeri zikishaiva zinakaribia kilo 45. Ukipakua nusu kilo kwa sahani unapata sahani 90 au pungufu kidogo. Leo tumeandika 78 na sufuria imekwanguliwa mpaka ukoko. Wiki iliyopita hivyo hivyo. Nilidhani wapakuaji wana mkono mzito, hasa wakimwona mtoto mdogo, kwa hiyo nimenunua kikombe cha plastiki cha nusu lita kiwe ndicho upawa. Akina mama walikipokea kwa adabu mno.

Jumamosi, 8 Februari

Maji. Mfereji wa mtaa hutoka siku mbili kwa wiki, na siku hizo si Jumamosi. Uani kuna kisima chenye pampu, maji yake safi kwa macho, hayana harufu, lakini yana floridi nyingi kama visima vingi vya Bonde la Ufa huku kwetu. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza mbona watoto wengi kwenye foleni wana meno ya kahawia kama waliokunywa chai ya rangi usiku kucha. Nikamwambia atazame ya kwake kwenye kioo, kisha nikajuta, kwa sababu anayo.

Basi somo la Kemia likafanyikia kwenye mitungi. Ukichemsha maji unaua vijidudu, lakini floridi haiendi popote. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki ikiwa nzito zaidi kuliko mwanzo. Githeri inayochemka saa tatu inaongezwa maji mara nne, na kila nyongeza inaleta floridi yake. Kinachoitoa ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa punje punje, maji yanapitishwa humo taratibu. Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa likitengeneza vichujio vya namna hiyo tangu miaka ya mwisho ya tisini, na kigango kinacho kimoja, ndoo mbili zilizopandana pembeni ya mlango wa sakristia. Msichana mmoja, Msabato aliyejiunga nasi kwa ajili ya rafiki yake, aliuliza kama mifupa ni ya nguruwe. Si ya nguruwe.

Tatizo ni kwamba kichujio kina mwendo wake, na wanafunzi wana haraka. Saa nne nilikuta sufuria kubwa imejazwa maji ya kisima moja kwa moja. Tuliyamwaga kwenye beseni za kuoshea tukaanza upya, chakula kikachelewa saa nzima. Sasa mitungi ya kupikia ina mstari wa rangi nyekundu shingoni. Ya kisima haina.

Sahani 79. Kwa kikombe changu. Sufuria tupu. Sahani 11 hazijulikani zilipo. Hapa niliandika sentensi moja kuhusu akina mama ambayo nimeifuta kwa kalamu nzito, na nitashukuru isisomeke.

Jumamosi, 22 Februari

Mitihani, wamekuja watano. Kuni zilinyeshewa usiku, moto ukalia machozi mpaka saa sita. Saa saba watoto walikuwa wamepanga foleni na maharagwe yakawa bado yanagonga jino. Nikasema tupakue tu, yameiva vya kutosha. Shosho akaweka kifuniko, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akakaa kando yake. Haki yake. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yanatapisha mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka minne. Tulikula saa tisa na nusu. Nimeandika "tulikula"; nilimaanisha walikula.

Jumamosi, 1 Machi

Likizo fupi ya katikati ya muhula. Hatukwenda.

Jumamosi, 8 Machi

Kwaresima imeingia Jumatano. Mwaka huu badala ya kila mmoja kujinyima soda na kutuonyesha uso mrefu, tumeomba kila mwanafunzi shuleni alete gorogoro moja ya mahindi makavu. Wasio na gorogoro walete kikombe. Darasa la Kidato cha Pili limeleta nyingi kuliko cha Nne, nao hawatawaacha cha Nne wasahau.

Sahani 82. Tupu. Sisemi kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ndefu, na nataka niiandike kabla haijachuja.

Mzazi mmoja alituma nusu gunia kwa mkokoteni. Binti yake, wa Kidato cha Tatu, ndiye aliyelipokea getini na kulisindikiza hadi jikoni kama anayesindikiza bibi harusi. Wenzake wakapiga makofi. Shosho akafungua kamba, hakutazama juu. Alikunja mkono wa sweta, akaingiza mkono wima ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akautuliza humo kama mtu anayesikiliza. Alipoutoa alikuwa na punje kiganjani, tatu kati yake zimeshikana, na katikati ya mshikamano huo poda ya rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na kijivu. Akanusa. Akanipa ninuse. Harufu ya nguo iliyofungiwa sandukuni ikiwa na unyevu. Na joto, ndani ya gunia kulikuwa na joto la mwili.

"Haya si ya kula," akasema.

Wanafunzi wakapinga, na hoja zao si za kipumbavu. Tuchague mazima tutupe mabovu. Tuyaoshe kwa maji ya chumvi. Tuyachemshe saa tano. Mmoja akauliza kweli tutamwaga chakula katikati ya Kwaresima na foleni iko pale nje. Hapo ndipo nilipochukua zamu yangu. Kuvu ile inaweza kutoa sumu, aflatoksini, na sumu hiyo haiogopi maji ya moto. Unaweza kuchemsha githeri mpaka sufuria iungue, yenyewe iko. Punje nzima kwa macho inaweza kuwa nayo pia. Mwaka wa 2004 huko Makueni na Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hii na 125 kati yao wakafa, ini likiwa limeharibika. Hawakuwa wamekula kitu cha ajabu. Walikula ugali.

Kukawa kimya. Kisha akatokea mwanamume mmoja jirani, alikuwa ameegemea ua muda wote, akasema basi tumpe yeye, ana nguruwe. Shosho akamwambia hapana. Basi kuku. Hapana. Nikaeleza kuwa ng'ombe akila, sumu inapitia kwenye maziwa. Akaondoka akinung'unika kwamba Wakatoliki wana mali ya kuzika.

Tukayazika kweli. Nyuma ya choo, shimo la kufika kiunoni, tabaka la mahindi, tabaka la jivu. Yule binti alikataa kumpa mtu yeyote jembe. Alichimba peke yake, sketi ameifunga fundo, jasho na machozi vimechanganyika huwezi kujua kipi ni kipi. Shosho alimwendea na maji ya kunywa, akamwambia, "Mama yako alivuna mvua ikinyesha, mtoto wangu. Si yeye aliyeiita mvua." Nilimsikia akimwuliza mavuno yalikuwa lini. Novemba. Walianika ndani ya nyumba, juu ya turubai, karibu na kitanda.

Nilichofanya cha maana leo ni chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi robo, tia kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayafai kuhifadhiwa. Ya ghala yanatakiwa yashuke hadi 13.5. Isipoganda, pokea. Chupa haionyeshi sumu, inaonyesha unyevu tu, kwa hiyo mkono wa Shosho unabaki kuwa kipimo cha kwanza. Kuanzia leo kila gorogoro la Kwaresima litapitia kote kuwili. Jioni yule binti aliomba aibebe chupa nyumbani. Nikampa.

Sahani 80.

Jumamosi, 22 Machi

Saa nane hivi nilikwenda stoo kuchota jivu la kusugulia sufuria. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani, juu ya gunia lililokunjwa, alikuwa amekaa Katibu wangu, yule aliyepiga mistari kwa rula, na sahani magotini. Pembeni wanafunzi wengine wawili, na yule mvulana wa Molo. Katibu alisimama mdomo umejaa, akajaribu kumeza na kusalimu kwa pamoja. Nikamwuliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza mwanafunzi. Nilisema, "Mnakula?"

Nyuma yao palikuwa na sufuria ndogo yenye kifuniko ambayo sijawahi kuiona kwenye orodha ya vyombo.

Shosho alinijia kwa nyuma. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, tangu lini mtu akapika akalala njaa? Ulikuja na sheria ya kwenu, tukaiacha mlangoni kama viatu." Kisha akanihesabia kwa vidole, taratibu, kama anayejua nilikuwa nahesabu nini: saba hula hapa, wanne kati yao hubeba na ya nyumbani kwenye kopo la majarini. Saba na nne. Kumi na moja.

Tangu Januari nimekuwa nikiona mkoba wa Katibu ukiwa bapa nikaamini anakula njiani. Yule wa Molo alikuwa akiniomba ukoko, ati ana mbwa. Nafundisha Kemia, nimewaambia watoto hawa mara ngapi kwamba kitu hakipotei, kinabadilika mahali.

Nilitoka na jivu langu. Jioni nilifuta lile sharti la tatu mbele ya wote bila hotuba. Hakuna aliyesema asante, na nilifurahi. Kikombe cha nusu lita kimekuwa cha kuchotea unga.

Jumamosi, 29 Machi

Kikao cha Aprili, baada ya kuosha vyombo. Swali la Shosho la Januari limerudi na safari hii sikulikwepa. Shule zinafungwa Ijumaa ijayo, tarehe 4, hadi tarehe 28. Wiki tatu ambazo mtoto wa Rhonda hana chakula cha mchana cha shule, na ndizo wiki tatu ambazo wanafunzi wa kujitolea nao hawapo. Desemba iliyopita akina mama walijaribu kupika kila siku wakafika siku ya nne. Mikono sita, watoto zaidi ya mia, mmoja wao akaugua mgongo.

Niliuliza nani atabaki. Wenye nauli wanakwenda ushago: Nyahururu, Kakamega, Bomet, Oyugis. Mmoja anakwenda London, akasema bila kutabasamu, na tukacheka sote, maana London ya Nakuru ni mwendo wa matatu tu. Mikono iliyobaki juu ilikuwa saba. Nilianza kuwaambia itakuwa vigumu, wafikirie, wasijitwike. Katibu akanikata, kwa heshima.

"Mwalimu, sisi tunaobaki ndio wale wa stoo. Tungekuja hata bila mradi."

Basi saba, na akina mama sita, na mimi. Kupika Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa Ijumaa Kuu. Hizo ni siku 14. Kwa watoto 120 tunapandisha hadi gorogoro tisa za mahindi kwa siku, jumla 126. Mahindi ya Kwaresima yaliyopita mkono na chupa ni gorogoro 74. Kigango kimeahidi gunia moja la kilo 90, yaani gorogoro 45. Tunazo 119. Zinatosha siku 13 na zinabaki mbili. Maharagwe yapo. Kwa siku ya 14 Shosho alisema tu, "Mungu hapiki kwa hesabu," kisha akaandika pembeni kwa penseli: unga wa wimbi, kilo sita, ulizia.

Jumatatu, 7 Aprili

Sahani 118. Tumeazima sufuria ya pili. Viazi kutoka Mau Narok vimeingia kwenye githeri, mtu kaleta mzigo mzima wa vile vidogo ambavyo sokoni havina mnunuzi. Kumenya viazi vidogo ni adhabu, kwa hiyo hatumenyi, tunasugua.

Jumatano, 9 Aprili

131. Watoto sasa wanatoka hadi Mwariki, kule ambako maji ya ziwa yalipopanda yaliwatoa watu majumbani. Mvua za masika zimeanza. Yule wa Molo amejenga kichanja juu ya jiko ambapo kuni za kesho zinakaushwa na moto wa leo. Ni fito nne na waya. Sijui kwa nini hatukukifikiria mapema, au kwa kweli najua: aliyejua kukijenga alikuwa akiogopa kukaa jikoni muda mrefu asije akaonekana ana njaa.

Jumatatu, 14 Aprili

126. Mmoja wa wale wa Bomet amerudi mapema, nauli ya kurudi aliyopewa ya tarehe 27 ameitumia leo. Anasema ushago hakuna kazi. Amepewa sufuria.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Sikukuu ya taifa, lakini jiko linawaka. Saa tano kasoro, mikono ikiwa kwenye uteo, simu ya katekista ikaita, kisha ya mama mmoja, kisha nyingine: Papa Fransisko amefariki asubuhi hii. Jana tu alionekana kwenye roshani akiwabariki watu. Wanafunzi hawa walikuwa na miaka sita, saba, alipokuja Kenya Novemba 2015. Shosho alikwenda Nairobi kwa basi la parokia, akasimama kwenye mvua ile pale Chuo Kikuu tangu usiku. Anasema hakuona chochote isipokuwa mwavuli wa mtu wa mbele, na kwamba hata hivyo alimwona.

Katekista akagonga kengele. Tukasali palepale, wengine na maharagwe mkononi. Shosho alisali macho wazi, anatazama sufuria, na katikati ya Raha ya milele akamwashiria mtu kwa kidevu: punguza moto.

Sahani 122.

Jumatano, 23 Aprili

Kichujio kimechoka, ndoo ya juu ina miezi mingi kuliko inavyopaswa na mkaa wake unatakiwa kubadilishwa. Nimeandika barua jimboni. Kwa sasa tunakinga maji ya mvua ya paa la kanisa, mapipa mawili, tunayachemsha. Hayo hayana floridi, na mwezi huu hayapungui.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku ya 14. Gorogoro mbili zilizobaki zilisagwa jana, zikachanganywa na wimbi ambao mama wa yule binti wa shimo aliuleta mwenyewe, kilo nane. Alikuja na chupa ya chumvi mkononi kabla hatujamwuliza. Shosho aliingiza mkono mfukoni mwa wimbi hata hivyo, hadi kiwiko, na yule mama akasubiri kama mtu kituo cha ukaguzi.

Uji uliiva saa tano na nusu. Wachuuzi wawili wa barabarani walikuja nao wakapewa. Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari, nikaona Katibu amegeuza ukurasa na kupiga mstari mpya kwa rula. Safu ni moja tu. Nikamwuliza wahudumu ameandika wapi. Akasema, "Vikombe, Mwalimu. Nimeandika vikombe," akanipa changu.

Vikombe 143.

Jumamosi ijayo, 3 Mei, tunarudi kwenye gorogoro sita. Ijumaa jioni kuloweka: Katibu na yule wa Bomet. Udongo wa kupaka sufuria umekwisha, uchimbwe upande wa juu wa ua, mbali na lile shimo.